Cherehani ya Bibi: Kutoka Mombasa hadi Kangemi



Mwezi wa Shaabani uliopita tulifunga safari ya Nairobi kwa ajili ya cherehani moja kuukuu. Huenda msomaji akastaajabu kwamba mtu wa umri wetu, mwenye watoto wa madrasa wanaomngoja, aache shughuli zake siku tatu kwa sababu ya chuma cheusi chenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu. Lakini chuma hicho kilikuwa kimekwisha kuwatenga ndugu. Watoto wa nyumba moja hawakupeana mikono katika khitma ya shangazi yao, na wazee wa mtaa wakatuomba tuingie kati kabla ya Ramadhani, watu wasije wakafunga na vinyongo vifuani.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka 1987. Mumewe alikuwa amemtangulia zamani, mwaka 1945, akaacha wake wawili: mke mkubwa na watoto wake, na huyu bibi yetu, mke mdogo, na watoto wake wawili wadogo, mvulana na msichana. Dhiki ilipozidi, bibi akamfuata kaka yake aliyekuwa akifanya kazi ya reli Nairobi, akaishi huko miaka mingi akishona nguo za watu. Mwaka wa uhuru, 1963, alirudi Mombasa na kuiacha cherehani kwa bintiye, aliyekuwa ameolewa huko huko bara. Binti naye alifariki mwaka jana. Cherehani sasa iko Kangemi, mikononi mwa mjukuu, mama mjane anayewalea binti zake wawili kwa kushona sare za shule.

Kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyeikumbuka cherehani hiyo. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa jamaa aliyeko Ghuba, akisema kwamba ndani ya cherehani za Singer za zamani mna zebaki nyekundu, na kwamba moja iliuzwa huko kwa riali 200,000. Hapo kumbukumbu za watu zikafufuka. Wajukuu wa mke mkubwa wakasema kwamba cherehani ilinunuliwa na babu, akamletea mkewe mdogo aitumie tu, basi ni mali ya warithi wote wa babu. Wana wa yule mvulana wa bibi wakasema la, ilikuwa ya bibi mwenyewe, na fungu la baba yao ni mara mbili ya fungu la dada yake. Kila upande ulikuwa na hadithi yake, na kila hadithi ilikuwa imepokewa kutoka kwa mtu aliyekwisha kufa.

Tulipoondoka Mombasa tulikuwa na picha moja tu iliyotumwa kwa simu. Ilionyesha ubavu wa cherehani, na kibati kidogo cha shaba chenye jina la duka na maneno "Bazaar Street, Nairobi". Kwa kuwa tungeingia nyumba isiyo na mwanamume, tulifuatana na mama watoto. Tulipanda treni asubuhi pale Miritini, tukashuka Syokimau, tukachukua treni ndogo hadi stesheni ya zamani ya mjini. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, wakati mahali pale palipokuwa uwanda wenye majimaji. Mji ule ulizaliwa na reli, na kaka wa bibi alikuwa mmoja wa maelfu waliopata riziki kwa reli hiyo hiyo.

Sala ya Adhuhuri tuliisali katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye kuba zake na minara miwili inayoonekana katikati ya majumba marefu. Kutoka hapo hadi Biashara Street ni mwendo wa dakika chache. Sisi wa Mombasa tuna Biashara Street yetu, ya leso na vitambaa, na hii ya Nairobi ni ndugu yake. Zamani iliitwa Indian Bazaar, kisha Bazaar Street. Jina la Biashara lilikuja baada ya uhuru. Kwa hiyo kibati kile cha shaba kilikuwa kimekwisha kutuambia jambo moja, kwamba cherehani iliuzwa kabla ya jina la mtaa kubadilika. Duka lililotajwa halikuwapo tena. Mahali pake panauzwa nguo za watoto wachanga.

Tukaelekezwa kwa fundi anayetengeneza cherehani katika uchochoro wa nyuma, mzee mwenye mikono iliyolowa mafuta. Alitukaribisha viti, akaitazama picha yetu, akacheka kidogo.

"Sheikh, nanyi mmekuja kwa habari ya zebaki?"

Tukamwambia kwamba tumekuja kwa habari ya mirathi. Akasema ni afadhali, kwa sababu wa zebaki humjia kila mara, na humlazimisha afungue mashine njema na kuiharibu. Akachukua kichwa cha Singer kilichokuwa mezani, akakipindua mbele yetu. Ndani mlikuwa na vyuma, misumari ya kukazia, vitobo vya kutilia mafuta, na vumbi la nyuzi lililogandamana. "Mimi nimezifungua maisha yangu yote," akasema. "Kitu chekundu nilichowahi kukiona humu ni kutu."

Na hilo ndilo kweli. Uvumi huu ulishika moto Saudia mwezi wa Aprili 2009. Watu walinunua cherehani kongwe kwa bei zilizofika riali 200,000, wakizisogezea simu ya mkononi karibu na sindano. Simu ikikatika, wakaamini kwamba zebaki imo. Wengine walisema kwamba hiyo zebaki huonyesha hazina zilizofukiwa ardhini, wengine kwamba ni ya kutengenezea mabomu makubwa. Polisi wa huko wakaanza kuwatafuta walioanzisha uongo huo. Wataalamu wa kemia hawaijui zebaki nyekundu ya namna hiyo, na hakuna aliyeionyesha. Lakini uvumi hauhitaji kuonyeshwa. Unahitaji mtu mwenye haja na sikio lililo wazi. Tumekwisha kusoma katika Suratul Hujurat amri ya kuichunguza habari kabla ya kuitenda. Ni mara ngapi tunaisoma aya hiyo, kisha tukausambaza ujumbe kabla haujamaliza kusikika?

Fundi akatufundisha jambo lenye faida zaidi. Kila Singer, akasema, ina nambari iliyopigwa kwenye chuma cha chini, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mkono. Kampuni ilianzishwa Marekani na Isaac Merritt Singer, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1851. Tangu mwaka 1900 nambari zao hutanguliwa na herufi, na herufi hizo hueleza mashine ilitengenezwa kiwanda gani na katika miaka ipi. Nyingi zilizofika kwetu Afrika Mashariki zilitoka Uskoti, katika kiwanda cha Kilbowie mjini Clydebank, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Ndiyo maana aina za mashine kutoka huko huandikwa nambari na herufi K mwishoni, kama 15K au 201K. Kiwanda kimebomolewa, ila kituo cha treni kilichokuwa mlangoni pake hadi leo kinaitwa Singer. "Nileteeni nambari," akasema fundi, "nami nitawaambia umri wake kama cheti cha kuzaliwa."

Kwa kuwa siku ilikuwa bado, tulivuka hadi Maktaba ya McMillan, inayopakana na Msikiti wa Jamia katika Banda Street. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Bibi yetu angeweza kupita mbele ya nguzo zake kila Ijumaa asiruhusiwe kupanda ngazi. Humo mmehifadhiwa magazeti ya kale ya East African Standard. Nalo gazeti hilo ni mtoto wa Mombasa: lilianzishwa kwetu mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, tajiri ambaye bustani yake ingalipo hapo karibu, kisha likahamia Nairobi mwaka 1910. Tulipekua hadi macho yakauma. Matangazo ya cherehani tuliyaona, bibi yetu hatukumwona. Magazeti ya zama zile hayakuandika habari za mjane Mswahili anayeshona kanzu kwenye baraza la duka.

Siku ya pili tulikwenda Parklands. Ndugu mmoja tuliyemjua msikitini alitupeleka kwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa na duka Bazaar Street. Baada ya biashara kukua, familia nyingi za Kihindi zilijenga makazi upande ule wa mji, na wengine wangali hapo, chini ya miti mikubwa, ingawa maghorofa sasa yanawazunguka. Mzee alituletea chai ya maziwa yenye iliki. Daftari za baba yake, akasema, zililiwa na mchwa siku nyingi. Lakini alikumbuka jinsi biashara ilivyokwenda. Mafundi walikaa barazani mbele ya maduka, kila mmoja na cherehani yake, na mteja alinunua kitambaa ndani akashonewa nje. Wachache waliweza kulipa bei ya cherehani kwa mara moja. Mnunuzi alitoa kianzio, akapewa kadi, na kila mwezi akaja na kadi yake apigiwe muhuri.

Tukamwuliza kama wanawake pia waliandikiwa kadi.

"Walikuwako," akajibu. "Baba alitaka mdhamini mwanamume kwa wote, wanaume kwa wanawake. Lakini alikuwa akituambia kwamba kadi za wanawake zilikuwa safi kuliko zote. Mwanamume akikosa mwezi ana sababu. Mwanamke alikuja siku ile ile, hata kama amebeba mtoto mgonjwa mgongoni."

Kuuza kwa muda, kwa bei iliyojulikana na kukubaliwa tangu mwanzo, ni jambo ambalo wanazuoni wengi wameliruhusu. Basi tukashukuru, tukaondoka tukiwa tumejua namna cherehani zilivyonunuliwa, ila hatujajua nani aliinunua hii.

Siku ya tatu tukapanda matatu ya Kangemi. Gari lilipita Westlands, likashika Waiyaki Way, na kwa muda mfupi majumba ya vioo yakabaki nyuma, tukashukia penye soko, mabati, moshi wa mahindi ya kuchoma na sauti za makondakta. Mjukuu wa bibi alitupokea mlangoni pa chumba chake cha kazi. Sweta na sinia za shule zilitundikwa ukutani kwa rangi zake, na katikati, chini ya dirisha, ndipo ilipokuwa cherehani. Meza yake imechubuka, kikanyagio cha chuma kimelainika kwa nyayo za vizazi vitatu. Alituambia kwamba anayo nyingine ya umeme, lakini stima ikipotea, hii ndiyo inayomwokoa.

Tukainama upande wa kulia, tukafuta mafuta kwa kitambaa, nambari ikatokea. Herufi zake mbili za mwanzo zilikuwa E na K. Tukampigia fundi wa Biashara Street, tukamsomea. Hakuchukua muda.

"Hiyo ni ya Uskoti, Sheikh. Herufi za E zilianza mwaka 1935, na hiyo EK ni ya katikati ya miaka ya hamsini."

Babu alifariki mwaka 1945. Wakati anazikwa, chuma cha cherehani ile kilikuwa hakijayeyushwa. Hadithi ya kwamba yeye aliinunua, iliyosimuliwa kwa yakini katika baraza za Mombasa, ilianguka pale pale chini ya dirisha la Kangemi.

Tulikaa kitini tukitafakari hatua inayofuata, maana bado ingewezekana kusemwa kwamba mnunuzi ni yule kaka wa reli. Tulikuwa tunawaza kurudi mjini kutafuta watu wengine wa kuwauliza. Hapo mama watoto, ambaye kwa siku tatu alikuwa amesikiliza zaidi ya kusema, akamgeukia mwenyeji wetu.

"Mwanangu, bibi yako alipoiacha cherehani hii, aliiacha na nini?"

"Na karatasi zake, mama. Ziko pamoja na za marehemu mamangu. Niwaletee?"

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na hati ya talaka ya mtu tusiyemjua, picha ya harusi, na kadi ngumu iliyokunjwa mara mbili. Juu ya kadi paliandikwa jina la bibi, jina lake na la baba yake, wala si la mume wala la kaka. Jina la kaka lilikuwa chini kabisa, mahali pa mdhamini. Kisha miezi ikafuatana, kuanzia mwaka 1956, shilingi 20 kwa kila mwezi, na muhuri wa duka mbele ya kila mstari. Hakuna mstari uliokuwa mtupu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, ambapo kutembea mjini Nairobi bila kusimamishwa na askari lilikuwa jambo la bahati. Naye alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Alilipa mpaka akamaliza.

Tukamwuliza mjukuu kwa nini hakuionyesha kadi hii ugomvi ulipoanza.

"Maalim," akasema kwa upole, "walinipigia simu kuniuliza cherehani ina uzito gani. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani."

Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba maneno hayo yalitugusa sisi kabla ya kuwagusa wale ndugu. Tulikuwa tumewauliza fundi, magazeti na mzee wa Parklands, na mlango wa mwenye kitu tukaubisha mwisho. Kama si mama watoto, huenda tungeuacha tukarudi mjini. Tuliifunza madrasa zetu miaka mingi kwamba Uislamu ulimpa mwanamke haki ya mali yake karne nyingi kabla ya wengine. Tukaisoma aya ya 32 ya Suratun Nisai, inayowapa wanaume sehemu katika walichokichuma na wanawake sehemu katika walichokichuma. Pamoja na hayo, tulipoiona mali mkononi mwa mwanamke, jambo la kwanza tulilolitafuta ni mwanamume aliyempa.

Mama yetu Zainab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mke wa Mtume (s.a.w.), na juu ya hayo alifanya kazi kwa mikono yake na akatoa sadaka katika alichokipata. Mtume (s.a.w.) alipowaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, walipimana mikono, na baadaye wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Bibi yetu wa Mji wa Kale alikuwa katika njia hiyo.

Ilibaki hukumu. Kwa kuwa cherehani haikuwa ya babu, wajukuu wa mke mkubwa hawakuwa na fungu. Kwa kuwa ilikuwa ya bibi, swali likawa: alipoiacha kwa bintiye mwaka 1963, alimpa au alimwazima? Ikiwa ni hiba, na binti aliipokea na kuitumia kama mwenyewe, basi ilitoka katika mirathi ya bibi tangu uhai wake. Ikiwa ni ariya, basi thuluthi mbili ni za mwanawe wa kiume, na sasa ni za watoto wake. Mjukuu husema mamake alimwambia ni zawadi. Shahidi hakubaki hata mmoja. Sisi si kadhi, na mwenye kutaka hukumu mahakama yake ipo. Tukawapigia wale ndugu wawili wa Mombasa, tukawaeleza yote kama tulivyoyaona: nambari, kadi, na bei ambayo fundi alitutajia, isiyozidi shilingi elfu kumi na tano ikiwa mnunuzi ni mwema. Tukawaambia kwamba sulhu ni heri.

Simu ilinyamaza kwa muda. Kisha mkubwa wao akauliza, "Kadi hiyo, Maalim, alikosa mwezi wowote?"

"Hakukosa."

"Basi mwambieni dada yetu aendelee kushona. Sisi tumesamehe chetu, kama tulikuwa nacho. Na atuwie radhi kwa ile simu."

Mwenyeji wetu alikuwa akisikia. Hakusema kitu, alirudi penye cherehani, akaweka mguu juu ya kikanyagio, akamaliza pindo la sketi aliyokuwa ameiacha tulipobisha. Wale wa upande wa mke mkubwa tuliwaendea wenyewe tuliporudi Mombasa, na kadi tukawaonyesha katika picha. Mmoja amekubali, mmoja bado amenuna. Tunaendelea kumwombea na kumtembelea.

Akina mama na mabinti mnaosoma kurasa hizi, mwenye cherehani, jokofu, kiwanja au dhahabu yake, na aandike. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika madeni, madogo kwa makubwa, na karatasi ya bibi mmoja imezuia dhulma zaidi ya miaka sitini baada ya kuandikwa. Mkitoa zawadi kwa mtoto, semeni mbele ya mashahidi kwamba ni zawadi. Nanyi akina baba, mnapoingia katika ugomvi wa mali, anzeni kwa kumwuliza aliyeishika.

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu, na amjaalie kila mshono wake wa halali uwe nuru katika kaburi lake. Amin.